Kushuka Mto White Majira ya Baridi: Safari ya Kuchunguza Uchaguzi wa Chambo Bandia

Mto White huanzia katika milima ya Boston, kaskazini-magharibi mwa jimbo la Arkansas nchini Marekani, ukaelekea kaskazini hadi kuingia jimbo la Missouri, kisha ukageuka na kurudi Arkansas kabla ya kumwaga maji yake katika Mto Mississippi. Katika karne ya 20 mto huu ulizuiwa kwa kuta mfululizo, nayo mabonde yake ya mawe ya chokaa yakageuka kuwa maziwa manne yanayofuatana: Beaver, ambalo ukuta wake ulikamilika mwaka 1966, Table Rock, 1958, Taneycomo, lililo kongwe kuliko mengine, 1913, na Bull Shoals, 1951. Safari inayosimuliwa hapa ilifuata maziwa hayo kutoka juu kwenda chini katika mwezi wa Januari, wakati ambapo maji ya juu ziwani huwa yamepoa hadi kati ya nyuzi 5 na 8 za Selsiasi, na lengo lake lilikuwa kuchunguza jinsi wavuvi wa huko wanavyochagua chambo bandia cha kumvulia samaki aitwaye besi katika miezi ambayo samaki huyo hana haraka ya kula.

Chambo bandia ni kitu kilichotengenezwa kwa mti, plastiki, madini au manyoya, kikafungwa ndoana, ili samaki akidhanie kuwa windo. Besi naye ni samaki wa maji matamu mwenye asili ya Amerika ya Kaskazini, anayeishi kwa kuwinda samaki wadogo na kamba, na katika maziwa ya Mto White hupatikana kwa aina tatu. Ya kwanza ni besi mdomo-mkubwa, ambaye taya lake hurefuka kupita nyuma ya jicho, na ambaye hupenda kukaa karibu na miti iliyozama. Ya pili ni besi mdomo-mdogo, mwenye rangi ya shaba, mpenda miamba na changarawe, anayestahimili baridi vizuri zaidi. Na ya tatu ni besi wa madoa, mwenye mistari ya vidoa chini ya ubavu, ambaye wenyeji humwita Kentucky, na ambaye hutembea kwa makundi katika vina virefu mbali na ufuko. Aina hizi tatu huweza kuvuliwa siku moja kutoka mtumbwi mmoja, lakini kila moja humlazimu mvuvi afikirie upya mahali na kina anachopeleka chambo chake.

Ili kuelewa kwa nini uchaguzi wa chambo hubadilika majira ya baridi, ni lazima kwanza kueleza yanayotokea ndani ya maji na ndani ya mwili wa samaki. Wakati wa kiangazi ziwa refu kwa kina hugawanyika katika matabaka, la juu likiwa na joto na la chini likiwa baridi lenye hewa haba, na kati yao hukaa tabaka jembamba ambamo joto hushuka kwa ghafla. Vuli inapoingia, maji ya juu hupoa, yakawa mazito na kuzama, hata matabaka yakavunjika na ziwa zima likachanganyika. Basi kufikia Januari tofauti ya joto kati ya juu na chini huwa ndogo, nayo oksijeni huenea hadi vina ambavyo miezi michache kabla havikukalika. Maji huwa mazito kuliko wakati wowote yanapokaribia nyuzi 4, na yakipoa kupita hapo huwa mepesi tena, jambo linaloeleza kwa nini barafu huanzia juu na kwa nini chini ya ziwa samaki huendelea kuishi salama.

Besi ni kiumbe ambaye joto la mwili wake hufuata joto la maji yanayomzunguka. Maji yakipoa, mapigo ya moyo wake hupungua, mmeng'enyo wa chakula huchukua siku badala ya saa, na misuli yake hukosa wepesi wa kufukuza windo linalokwenda kasi. Hata hivyo haachi kula. Anachokiacha ni kupoteza nguvu, kwa sababu windo litakalomgharimu nguvu nyingi kuliko lishe linayompa halina faida kwake, na ndiyo maana huchagua kinachopita karibu, kinachokwenda polepole, au kilicho karibu kufa. Hoja iliyojitokeza katika kila kituo cha safari hii ni kwamba mvuvi wa majira ya baridi hachagui kwanza umbo wala rangi ya chambo, bali huchagua kina na mwendo, na umbo na rangi hufuata baadaye.

Safari ilianzia karibu na mji wa Rogers, kando ya ziwa Beaver, mahali penye nafasi ya pekee katika historia ya uvuvi huu, kwa kuwa mwezi Juni 1967 Ray Scott, mwuzaji wa bima kutoka Alabama, aliwakusanya hapo wavuvi zaidi ya mia moja kushindana kumvua besi, na mwaka uliofuata akaanzisha chama kilichoufanya uvuvi huo kuwa mchezo wa mashindano nchini kote. Fedha za mashindano zilivuta viwanda, na viwanda vikatoa vyambo vya kila namna, kiasi kwamba mgeni anayeingia katika duka la zana za uvuvi katika eneo hilo hukuta kuta nzima zimetundikwa vyambo na huweza kudhani kwamba ujuzi ni suala la kununua. Wenyeji waliomwongoza mwandishi ziwani walionyesha kinyume chake, kwani hakuna aliyefungua sanduku la vyambo kabla ya kusoma kipimajoto kilichofungwa chini ya mtumbwi, kisha kuzunguka polepole huku akitazama kioo cha chombo cha mwangwi, yaani chombo kinachotuma sauti majini na kuchora kinachorudisha sauti hiyo, iwe ni mwamba, mti au kundi la samaki.

Asubuhi hewa ilikuwa chini ya nyuzi sifuri, na kwa kuwa maji yalikuwa na joto kuliko hewa, ukungu ulipanda kutoka usoni mwa ziwa hadi magenge ya ng'ambo yakafichika. Kila mshipi uliporudishwa ulileta matone yaliyoganda ndani ya pete za fimbo ya kuvulia, hivyo wavuvi walikuwa wakitumbukiza ncha ya fimbo majini kila baada ya kurusha ili barafu iyeyuke, maana mshipi unaokwaruza barafu hukatika pale samaki mkubwa anapovuta. Katika hali hiyo chambo cha kwanza kutumika kilikuwa jigi, yaani ndoana iliyosubiwa kichwa cha risasi au cha tangsteni na kuvikwa shada la nyuzi za mpira au manyoya, kwa kawaida yenye rangi ya kahawia na kijani inayofanana na kamba wa mtoni anayejificha chini ya mawe. Jigi la gramu 10 hadi 14 huangushwa kwenye mteremko mkali wa mawe, likaachwa lifike chini, kisha likaburutwa polepole kiasi kwamba mvuvi huhisi kila jiwe kupitia mshipi, na likikwama kidogo husitishwa, kwa sababu mara nyingi samaki hulichukua lilipotulia.

Miteremko mikali hupendelewa kwa sababu iliyo wazi. Besi hana njia ya haraka ya kutoa hewa katika kibofu kinachomwezesha kuelea, kwa hiyo hubadilisha kina kwa taratibu. Akikaa kando ya genge linaloshuka wima, huweza kupanda au kushuka mita chache kufuata joto na chakula bila kusafiri mbali, ilhali kwenye ufuko wa mteremko mdogo angelazimika kuogelea mwendo mrefu ili kupata mabadiliko yaleyale ya kina.

Suala la malighafi nalo lina uzito wake. Plastiki laini inayocheza vizuri katika maji ya kiangazi hukakamaa katika maji yaliyopoa, ndiyo sababu wavuvi wa vizazi vilivyotangulia walitia kwenye jigi kipande cha ngozi ya nguruwe iliyohifadhiwa kwa chumvi, ambayo hubaki laini hata baridi ikizidi, na ndiyo sababu hadi leo wengi hutumia jigi la manyoya ya mkia wa paa au ya ndege, ambayo hupumua na kutikisika kwa mkondo mdogo tu hata pale mvuvi asipofanya lolote. Njia nyingine, iliyoenezwa na mwandishi wa habari za uvuvi Ned Kehde wa jimbo la Kansas, ni kutumia kipande kifupi cha plastiki inayoelea kilichochomekwa kwenye kichwa chepesi cha risasi chenye umbo la uyoga, ambacho kikifika chini husimama wima kama kamba aliyeinua magando, na hivyo huendelea kufanya kazi kikiwa hakisogei.

Kutoka Beaver, barabara hupita mji wa Eureka Springs uliojengwa kwenye miteremko, kisha huvuka mto kwa daraja dogo la kuning'inia la mwaka 1949, na hapo ndipo zinapoanzia kingo za ziwa Table Rock, lenye eneo la takriban hekta 17,000. Ukuta wake ulijengwa na kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani kati ya mwaka 1954 na 1958, na bonde lilipofurika miti mingi iliachwa imesimama, ikiwemo mireteni ambayo vilele vyake vikavu bado husimama ndani ya maji. Maji ya sehemu kubwa ya ziwa hili ni maangavu mno, na uangavu huo hubadilisha uchaguzi wa chambo kwa njia mbili: besi huweza kuona chambo kutoka mbali, hivyo huweza kupanda mita kadhaa kukifuata, lakini pia hupata muda wa kukikagua, hivyo kosa dogo katika mwendo wa chambo humfanya ageuke.

Chakula kikuu cha besi katika maji hayo ya wazi ni shadi, samaki mdogo wa rangi ya fedha, jamaa wa mbali wa dagaa wa baharini. Aina moja ya shadi, yenye unyuzi mrefu nyuma ya pezi la mgongoni, ina asili ya maji ya kusini yenye joto, na maji yakishuka chini ya nyuzi 7 hivi samaki huyo huanza kudhoofika, akawa anatetemeka, akazama, akapanda kidogo, kisha akatulia, na baridi ikizidi hufa kwa wingi. Kwa besi asiyetaka kukimbia, hakuna mlo ulio rahisi kuliko huo, na chambo kinachouiga ndicho kinachotawala Table Rock katika Januari: chambo chembamba cha plastiki ngumu, chenye urefu wa sentimita 11 hivi, ulimi mdogo mbele unaokizamisha, na uzito uliopimwa ili kikisimamishwa kibaki kinaelea katikati ya maji bila kupanda wala kushuka. Asili ya wazo hili ni ya zamani, kwa kuwa tangu 1936 Lauri Rapala, mvuvi wa Finland, alichonga vyambo vilivyoiga mwendo wa samaki aliyejeruhiwa baada ya kuona kwamba samaki mkubwa humchagua mdogo anayeyumba. Watengenezaji wa Marekani na Japani waliendeleza wazo hilo hadi kupata chambo kinachoweza kusimama kabisa.

Mzee mmoja mwenyeji, ambaye amefanya kazi ya kuongoza wavuvi ziwani humo kwa muda mrefu, alionyesha kwa utulivu mkubwa jinsi chambo hicho kinavyoandaliwa. Alikitumbukiza kando ya mtumbwi, akakitazama kikipanda taratibu mno, pua ikitangulia, akakitoa na kuzungusha waya mwembamba wa risasi kwenye shina la ndoana ya mbele, akakitumbukiza tena. Kilipoanza kuzama alikata kipande cha waya kwa koleo, kidogo kuliko punje ya mchele, akarudia, hadi chambo kikabaki pale pale, pua imeinama kidogo, kikizunguka kwa mkondo peke yake. Alieleza kwamba chambo kilichosawazishwa katika maji ya vuli hupanda katika maji ya Januari, kwa sababu maji yaliyopoa ni mazito zaidi, na kwamba ingawa tofauti hiyo ni ndogo sana, samaki aliye nusu mita chini ya chambo ana muda wote wa kuiona. Shadi anayekufa hapandi juu kama boya, na besi analijua hilo kuliko mvuvi.

Baada ya hapo chambo kilirushwa mbali juu ya vilele vya mireteni iliyozama, kikavutwa hadi kufika kina chake cha mita 2 hadi 3, kikashtuliwa mara mbili kwa ncha ya fimbo, kisha kikaachwa. Kuacha huko ndiko kiini cha kazi yote. Maji yakiwa na nyuzi 10 sekunde 5 huweza kutosha. Yakiwa na nyuzi 6 mzee huyo alihesabu kimyakimya hadi 20 na zaidi, mkono haujatikisika, na samaki alipokuja hapakuwa na mshtuko wowote, ila mshipi uliolegea juu ya maji ulianza kusogea pembeni. Besi mdomo-mkubwa aliyepatikana alikuwa baridi mkononi, tumbo limejaa, na mkia wa shadi ulionekana bado haujamezwa, ushahidi kwamba hata samaki aliyeshiba huongeza tonge lisilomgharimu chochote.

Hali ilikuwa tofauti katika tawi la Mto James, linaloingia Table Rock kutoka kaskazini likiwa limebeba maji ya mashamba na miji, kwa kuwa maji yake huwa na ukungu wa udongo. Pale ambapo besi haoni mbali, chambo kinachosimama kimya katikati ya maji hupotea, hivyo wavuvi hugeukia chambo kifupi, kinene, chenye ulimi mpana, ambacho hutikisika kwa nguvu na kugonga mawe, ili samaki akisikie kupitia mstari wa ubavuni, yaani safu ya viungo vidogo vya hisi inayomwezesha kutambua mitetemo ya maji. Maarufu kati ya hivyo ni Wiggle Wart, kilichotengenezwa na kampuni ya Storm ya Oklahoma tangu miaka ya 1970, ambacho wavuvi wa milima hiyo bado hutafuta nakala zake za zamani kwa bei kubwa, wakiamini kwamba huyumba kwa namna ambayo nakala za baadaye hazikuipata. Rangi nazo hubadilika: katika maji maangavu hutumika nyeupe na zile zinazopitisha mwanga, na katika maji yenye udongo hutumika nyekundu, chungwa na kijani-njano kali. Hata hivyo chambo hiki huhitaji maji yenye joto kidogo, karibu nyuzi 7 na kuendelea, na kadiri baridi inavyozidi ndivyo kinavyopaswa kuzungushwa polepole, hadi kufikia mahali ambapo jigi hufanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Makundi ya shadi yanapokaa katikati ya maji juu ya mkondo wa kale wa mto, wavuvi wengine hutumia mwavuli, yaani fremu ya nyaya kadhaa zilizotawanyika, kila waya ukibeba samaki mmoja wa plastiki, ili chambo kizima kionekane kama kikundi kidogo kilichojitenga na kundi kubwa. Chombo hiki kilibuniwa na Andy Poss wa Alabama na kikajulikana kote mwezi Oktoba 2011, baada ya Paul Elias kukitumia kushinda mashindano katika ziwa Guntersville. Ufanisi wake ulizua mjadala mkubwa kuhusu uungwana wa uvuvi, na wasimamizi wa baadhi ya majimbo na mashindano wameweka mpaka wa idadi ya ndoana zinazoruhusiwa, jambo linalomlazimu mgeni kusoma sheria za mahali kabla ya kufunga chambo.

Chini ya ukuta wa Table Rock, ziwa Taneycomo lilipitwa kwa haraka, kwa kuwa maji yake hutolewa kutoka tabaka la chini la ziwa lililo juu yake na hubaki baridi mwaka mzima, hali iliyowaondolea besi makao mazuri na kuwapa nafasi samaki waitwao trauti wanaokuzwa katika kituo cha serikali kilicho kando ya ukuta huo. Taneycomo ni ushahidi kwamba joto la maji, likibadilishwa na mwanadamu, huweza kuamua ni samaki gani ataishi mahali gani.

Bull Shoals, kituo cha mwisho, ni ziwa lenye vina virefu na magenge marefu, na huko makundi ya besi wa madoa yalionekana katika kioo cha mwangwi kwenye mita 12 hadi 15. Kwa kina hicho hutumika kijiko, yaani bamba zito la chuma lililokunjwa kidogo, ambalo huteremshwa wima, likainuliwa na kuachwa lianguke likipepesuka kama shadi anayekata roho. Uvuvi huu una matokeo mazuri, lakini una madhara yake. Katika mita 10 mgandamizo ni maradufu ya ule wa juu ya maji, na samaki anayevutwa haraka kutoka hapo hutanukiwa na kibofu chake cha hewa, akashindwa kurudi chini na kufa juu ya maji hata akiachiwa. Wenyeji wenye kujali huacha kuvua vina hivyo wanapokuwa wameamua kurudisha samaki majini, au huchukua tu wale wanaowahitaji kwa kitoweo na ambao sheria inawaruhusu, na msimamo huo unastahili kuungwa mkono na kila anayelipenda ziwa.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki jambo hili si la mbali kama linavyoweza kuonekana. Besi mdomo-mkubwa aliletwa katika ziwa Naivasha nchini Kenya kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya uvuvi wa burudani, na mwaka 1970 akaongezewa kamba mwekundu wa Louisiana, ambaye tangu hapo amekuwa sehemu ya mlo wake. Naivasha, ingawa liko takriban mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, halifikii baridi ya Missouri, na mvuvi atakayesimamisha chambo kwa sekunde 20 huko atapoteza muda wake, kwa kuwa samaki wa maji ya nyuzi 20 ana nguvu za kufukuza. Kinachohamishika ni utaratibu wa maswali: kwanza joto la maji, pili kina walipo samaki, tatu windo wanalokula wakati huo, nne uangavu wa maji, na mwisho chambo.

Mvuvi anayefuata utaratibu huo anahitaji vyambo vichache: jigi, chambo cha kusimama, chambo chenye ulimi mpana na kijiko vilitosheleza karibu hali zote zilizokutwa kati ya Beaver na Bull Shoals. Kwa hiyo anayekusudia kumvua samaki huyu, iwe Missouri au Naivasha, na anunue kwanza kipimajoto na daftari, aandike joto, kina na matokeo ya kila siku anayotoka, na asiongeze chambo kipya hadi daftari hilo limwonyeshe kazi ambayo vile alivyo navyo vimeshindwa kuifanya.